Inspekta wa Vifuniko

Mlangoni kwangu hakuna mtoto anayelia. Hayo nilikuwa nawaambia wazazi wapya, kifua mbele, na nilikuwa na ushahidi. Kwenye vituo vingine vya kulelea watoto, asubuhi ni kama msibani: huyu kang'ang'ania sketi ya mama yake, yule kajibwaga sakafuni kama gunia, na mama mwenyewe anafuta machozi getini huku akiangalia saa. Kwetu, kimya. Mzazi anaingia, anakabidhi mkoba wa nguo, anatoka, na mtoto hana habari.

Dawa yangu ilikuwa shuka. La bluu, limepauka, zamani lilikuwa la kitanda cha shangazi yangu, mwenye kituo. Mtoto akivuka kizingiti tu, namfunika nalo, naingia na mimi humo humo, naanza kuuliza kwa sauti ya kizee: "Kaenda wapi? Jamani, kaenda wapi huyu?" Mtoto anajikunyata, anabana kicheko. Nje ya shuka, mzazi anaondoka kwa ncha za vidole. Nikifunua, "Huyu hapaaa!", mtoto anaangua kicheko, na akija kukumbuka kutazama mlango, mlango umeshafungwa na mbele yake kuna beseni la maji, sponji na vikombe. Nani analia mbele ya maji?

Shangazi alinichukua nilipomaliza sekondari na matokeo yangu yakatoka yamenuna. "Wewe unachoweza ni upuuzi," aliniambia, "na mimi nina chumba kizima kinachohitaji upuuzi toka asubuhi." Kazi ikanikaa kama kiatu cha zamani. Watoto wote nikawapa vyeo. Kulikuwa na Redio, aliyesema kutwa bila kuhitaji betri. Kulikuwa na Sumaku, ambaye kitu chochote kidogo kikipotea unaanzia mkononi mwake. Kulikuwa na Waziri, aliyekaa kwenye kiti akingoja kufanyiwa kila jambo. Wao waliniita Mjomba. Wazazi waliniita mwalimu. Mpishi wetu aliniita Hasara.

Mvua zilipoanza, ua ukawa bwawa na michezo yote ikahamia ndani. Kama hujawahi kufungiwa chumba kimoja na watoto wa miaka miwili siku ya mvua, usijaribu bila mpango. Tulibandika utepe sakafuni wakawa wanapita juu yake kama darajani, mikono wameitanua, nami chini nikiwa mamba. Tuliunganisha maboksi yakawa handaki. Tulikunja soksi zikawa mipira, maana soksi ikimpata mtu usoni hakuna kesi. Na tulikuwa na kopo.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, kubwa, na kwenye mfuniko wake Shangazi alikata tundu akalizungushia utepe lisimkwaruze mtu. Humo watoto walitumbukiza vifuniko vya plastiki vya madumu na chupa kubwa, vyekundu, vya kijani, vya njano. Kila kimoja Shangazi alikipima kwanza kwa kile kibomba cha karatasi ya chooni: kinachopita humo, kinapita kooni, kwa hiyo kinatupwa. Kifuniko kikidondoka ndani kililia *tok*, na kwa sababu ya hiyo *tok* watoto wangeweza kukaa hapo mpaka wakaota mizizi. Jioni vifuniko vilivyotapakaa chumbani tuliviokota vyote, tukaimba, tukafunga kopo. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu ya kwenda nyumbani.

Asubuhi moja ya mvua aliingia mwanamume mwenye koti lililojaa matundu madogo madogo ya kuungua. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mkononi alimshika mtoto wa kiume, hajatimiza miaka mitatu, amevaa viatu vya mvua vilivyomzidi.

Shangazi alinivuta pembeni. "Mama yake amefariki juzi juzi tu. Taratibu naye."

"Shangazi, huyo niachie. Mimi na shuka langu."

"Nimesema taratibu."

Nikamfunika taratibu. Ndani ya shuka mwanga ulikuwa wa bluu, na yule mtoto hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili, akanitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Nikauliza kaenda wapi, jamani, kaenda wapi huyu. Nje nikasikia buti za baba yake zikinyata. Nilipofunua, mlango ulikuwa umefungwa.

Hakulia. Unaona? Nikataka kumkonyeza Shangazi. Mtoto alitazama mlango, kisha akalitwaa shuka mkononi mwangu, akalikung'uta, akaligeuza upande wa pili, akatazama chini yake. Halafu akaenda kwenye beseni la maji, akaliinua ukingo, maji yakamwagika, akatazama na chini ya hilo.

"Huyu Inspekta," nikasema. "Amekuja kukagua."

Chumba kizima kikacheka, na jina likamganda.

Tangu siku hiyo hakuna kilichofunikwa ambacho hakikufunuliwa. Ndoo za maji, alifunua. Pipa la taka, alifunua. Begi la Redio, mkebe wa rangi, boksi la viatu. Mpishi akatoka jikoni na mwiko.

"Nani kafunua sufuria yangu? Mvuke wote umekwenda kwa majirani!"

"Inspekta, mama. Anaangalia kama una kibali."

"Kibali cha nini?"

"Cha kupika hivyo unavyopika."

"We Hasara, utakula kwenu leo!"

Tukacheka. Inspekta hakucheka. Alisimama mlangoni mwa jiko akitazama ndani ya sufuria iliyo wazi mpaka mpishi mwenyewe akashusha mwiko, akamrudisha kwa kumshika mkono, na njiani nikamwona anamfuta pua kwa pindo la aproni yake.

Kwenye kopo ndiyo kulikuwa na shughuli. Alipenda kutumbukiza, lakini mfuniko hakuutaka. Aliubandua. Akitumbukiza kimoja, anachungulia, anakitoa, anakitazama, anakirudisha. Wenzake walioisubiri *tok* yao walimpigia kelele. Nikibandika mfuniko, anabandua. Nikibandika, ananitazama tu, na anabandua.

Na mchana, watoto wakilala kwenye magodoro yao chini ya vishuka, yeye halali. Anapita katikati yao kama mlinzi. Anainama, anashika pindo la kishuka, anafunua uso wa mwenzake, anautazama, anarudisha. Halafu wa pili. Redio siku moja alizinduka akaona macho mawili yako juu ya pua yake, akatangaza habari mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimejiegemeza ukutani, nimelivuta shuka langu usoni ili nijiibie usingizi kidogo. Nikahisi linavutwa. Nikafungua jicho moja. Alikuwa yeye, ameinama, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Mama?"

Alipoona ni mimi, akanifunika tena. Vizuri, mpaka kidevuni, kama mtu aliyefundishwa adabu. Akaenda kwa anayefuata.

Utani wote niliokuwa nao ulinikauka mdomoni.

Alhamisi jioni fundi alikuja kumchukua akiwa amefungwa bandeji mkono wa kulia. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni ule moto wa kuchomelea.

"Pole, baba. Umeungua?" Shangazi akamuuliza.

"Nilisinzia nimesimama, mama. Nikashika chuma cha moto." Akacheka kidogo, kicheko kisichomfikia hata yeye. "Huyu bwana haniachi nilale. Nikifumba macho tu, anakuja na vidole vyake, ananifunua kope. Hivi." Akajishika kope la jicho lake kwa kidole gumba na cha shahada, akalivuta juu. "Usiku kucha. Nikimgeuzia mgongo, anazunguka upande wa pili. Hapigi kelele, halii. Ananifunua tu."

Inspekta alikuwa miguuni pake, anafungua kisanduku chake cha zana.

"Kwa hiyo Jumamosi nampeleka kwa dada yangu," fundi akaendelea. "Ni mbali, siku nzima ya safari, lakini dada kalea wengi. Nikisinzia tena pale karakana siku ya pili, nitakosa mkono kabisa. Na mtu asiye na mkono atamlea nani?" Akamwangalia mwanawe kisogoni. "Sitaki. Sijui hata mimi nitalalaje nyumba ile bila yeye. Lakini sina njia."

Shangazi akauliza, "Mama yake alipoondoka, mlimwambia nini?"

"Kwamba amelala."

"Amelala."

"Alikuwa pale kitandani, mama, wameshamfunika. Huyu akaja na mdoli wake, akauliza mama vipi. Bibi yake akamwambia mama amelala, usimsumbue. Ningesema nini mimi? Akatolewa nje kidogo, aliporudi kitanda kitupu."

Mvua ilikuwa inagonga bati. Sijui kwa nini nilishusha macho, na nilipoyashusha nikaliona shuka la bluu liko begani mwangu, pale ninapoliweka kila siku kama taulo la kinyozi.

"Na mimi namfunika kila asubuhi," nikasema.

Wote wawili wakanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza ninasema jambo pale bila kulitia mzaha, na nadhani walikuwa wanasubiri mwisho wake unaochekesha.

"Namfunika, nauliza kaenda wapi. Nikifunua, wewe hupo."

Fundi alikaa kwenye kile kiti kidogo cha Waziri, magoti yakamfika kifuani. "Na mimi ninanyata," akasema. "Nilijua ninamtoroka. Nilifurahi kwamba halii."

"Sote tulifurahi," Shangazi akasema, na hakuwa anamfariji, maana sauti yake ilikuwa kavu. "Asubuhi isiyo na kelele ni tamu. Nimeila miezi yote hii." Akalivuta lile shuka begani mwangu, akalikunja, akalikalia. "Nipe kesho tu, baba. Kesho unamwaga mbele ya macho yake. Unamwambia unakwenda, unamwambia unarudi lini."

"Atalia."

"Alie."

"Na habari ya mama yake?"

"Ukweli, kwa maneno ya kimo chake. Kwamba amekufa, harudi. Kwamba kufa si kulala."

Fundi alitikisa kichwa, wala si kukubali wala si kukataa. Alimbeba mwanawe, akaondoka naye mvuani. Shangazi akanigeukia. "Na wewe kesho, mdomo huo uuache nyumbani."

Ijumaa walifika mapema. Fundi alisimama mlangoni, akaninong'oneza huku akimvua mtoto koti: "Nimemwambia jana usiku. Akaniuliza kama mama amefunikwa. Nikasema ndiyo. Akauliza nani atamfunua." Akalitundika koti msumarini. "Nikamwambia hakuna, mwanangu. Hakuna."

Kisha akachuchumaa, uso kwa uso na mtoto.

"Baba anakwenda kazini. Sijifichi, unaniona? Natoka mlango huu. Jioni mkiokota vifuniko, mkavimaliza vyote, baba anarudi. Mlango huu huu."

Inspekta alimtazama. Fundi alisimama, akatoka, akageuka, akapunga ule mkono wa bandeji, akaondoka kwa hatua zinazosikika.

Ndipo mlango wangu ulipoaibika. Mtoto yule alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia katika kituo kile wala kingine, kilio kilichowekwa akiba. Redio akaunga. Sumaku akaachia kila alichokuwa amekamata, akaunga. Hata Waziri akashuka kwenye kiti chake mwenyewe, kwa miguu yake, akalia. Mpishi akaja na mwiko, akaona, akauweka chini, akakaa sakafuni na wawili mapajani. Mimi nilimbeba Inspekta dirishani. Nilikuwa na vichekesho vya kutosha kuwanyamazisha wote wale, nikavimeza kimoja kimoja, vichungu kama kwinini. Nikasema tu, "Ndiyo. Amekwenda. Atarudi tukimaliza vifuniko." Akalia. Nikasema tena. Kola ya shati langu ikalowa mpaka mgongoni.

Alinyamaza kama mvua inavyonyamaza, kwa vipande. Akaenda kwenye kopo.

Siku nzima alicheza na kopo. Mfuniko aliuacha wazi, kama kawaida. Mchana alijilaza kwenye godoro lake na hakuwafunua wenzake. Hakulala pia. Alikuwa ameugeuzia uso mlango.

Jioni ikaja na mvua kubwa kuliko ya asubuhi. Wazazi wakaingia mmoja mmoja wakikung'uta miavuli, wakisimulia kwamba daraja la chini limefunikwa na maji na magari yanageuza. Redio akaenda. Sumaku akapekuliwa, akaenda. Tukaanza kuokota vifuniko na waliobaki, nyimbo na kila kitu, na kila mtoto aliyechukuliwa alimwachia Inspekta sehemu yake ya kuokota. Mwishowe tukabaki yeye na mimi, na sakafu iliyokuwa inaisha vifuniko.

Nilimpigia fundi simu. Haikupatikana. Nikapiga tena. Shangazi alichukua mwavuli akaenda kusimama getini, kana kwamba kumtazama mtu barabarani kunamvuta.

Inspekta aliokota kimoja. *Tok.* Akaokota kingine chini ya benchi. Alifanya kazi yake bila haraka, akitazama mlango baada ya kila *tok*. Nikahesabu kwa macho vilivyobaki, nikaona havitoshi. Kesho ilikuwa Jumamosi. Mabegi yake, baba yake aliniambia, yalishafungwa. Vifuniko vikiisha na mlango usifunguke, basi tumemdanganya tena, safari hii macho kwa macho, na hapo hata mimi ningemshauri fundi ampeleke kwa dada yake, maana sisi tungekuwa hatufai.

Alipokwenda dirishani kuchungulia, nikaingiza mkono kwenye kopo. Nikateka kiasi. Nikavirusha polepole chini ya rafu, nyuma ya maboksi, bila mlio. Aliporudi akaviona. Akasimama kidogo. Akaanza kuokota.

Nikashukuru. Najua nilichokuwa nafanya. Jana yake tu nilikuwa nimejilaumu mwenyewe kwa habari ya shuka, na sasa nilikuwa ndani ya shuka lingine. Lakini nilitaka ile ahadi isife. Akaenda tena dirishani, nikateka tena, na vingine nikavitia mfukoni kwa akiba. Mara ya tatu nilikuwa nimepiga magoti, mkono uko nyuma ya mgongo, naviachia kimoja kimoja kwenye zulia, uso wangu umeelekea ukutani kama mtu asiye na habari, napiga na mluzi.

Kisha nikasikia buti nje. Nzito, zimejaa maji.

Mlango ukafunguka na fundi akaingia, matope yamemfika mapajani, koti linachuruzika, anahema. Nyuma yake Shangazi na mwavuli uliopinduka. "Magari hayapiti," akasema. "Nimezunguka kwa miguu. Mwanangu, nimechelewa, baba amechelewa, lakini..."

Inspekta hakumkimbilia. Alimtazama mpaka akaridhika kwamba ni yeye. Kisha akatungojesha wote kwa kidole kimoja alichoinua, akaenda kwenye kopo, na akafungua ngumi yake ya kushoto; hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwahi kuiona ikiwa wazi jioni ile. Ndani yake kulikuwa na kifuniko kimoja chekundu, kimelowa jasho. Alikuwa amekishikilia muda wote. Akakitumbukiza. Akautafuta mfuniko wa kopo, akauweka juu, akaukandamiza kwa viganja viwili mpaka ukabana.

Halafu akaenda kwa baba yake, akapandishwa begani, akalaza shavu kwenye lile koti bichi. Macho yake yalianza kuwa mazito, akayaacha.

Fundi hakusogea, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Kwa sauti ya chini akamuuliza Shangazi, "Mama, Jumatatu mnafungua saa ngapi?"

"Saa ile ile."

"Basi tutakuwepo."

Walikuwa wameshafika kizingitini, nami bado nimepiga magoti pale pale kwenye zulia, mkono nyuma, najipongeza kimoyomoyo kwamba hakuna aliyeona. Inspekta akainua kichwa begani mwa baba yake. Akafungua jicho moja. Akaninyooshea kidole.

"Baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya ukaguzi, "Mjomba anamwaga."

Wote watatu wakageuka. Nikafungua mdomo nilete kichekesho, na nilipotikisika kukitafuta, mfuko wa suruali ukaachia akiba yake yote sakafuni.